Mlio mdogo chini ya gari unavyokula faida ya mchuuzi Nyakato

KWA mchuuzi wa nyanya anayeishi Nyakato, Manispaa ya Musoma, gari ndogo ya mizigo ni sawa na jembe kwa mkulima. Alfajiri anatoka kwenda kuchukua mzigo vijijini upande wa Butiama au Bunda, na kabla jua halijawa kali anatakiwa awe sokoni. Gari likilala, nyanya hailali. Inaendelea kuiva, inalainika, na bei inashuka huku mwenyewe akiiangalia.

Ndiyo maana mlio wa "ko-ko-ko" unaotoka chini ya gari, upande wa tairi la mbele, humnyima usingizi mtu wa aina hii. Anaposikia mlio huo kwenye kila shimo dogo, la kwanza linalomjia akilini ni shokapu. Anakwenda gereji, naye fundi asiyekuwa na muda wa kuchunguza anamkubalia. Shokapu mbili zinanunuliwa, zinafungwa, fedha inalipwa. Kesho yake gari linaingia kwenye barabara ya vumbi na mlio uko pale pale.

Mara nyingi kinachopiga kelele ni kifaa kidogo kisichozidi urefu wa mkono, ambacho mafundi wengi wanakiita stabilaiza linki, au linki kwa kifupi. Kukifahamu kifaa hicho, kujua namna ya kukipima na kukibadilisha, kunaweza kumwokolea mkulima au mchuuzi fedha ambayo ingenunua mbegu na mbolea.

Linki ni nini na inafanya kazi gani

Chini ya gari nyingi ndogo, kuna fito ya chuma cha springi iliyopinda mfano wa herufi U, inayotoka tairi la kushoto hadi la kulia. Hiyo ndiyo stabilaiza. Katikati imeshikwa kwenye bodi ya gari na bushi mbili za mpira. Ncha zake mbili zimeunganishwa na sehemu inayobeba tairi kwa kutumia linki, moja kila upande. Katika gari nyingi za Kijapani zinazotumika hapa nchini, upande wa juu wa linki hufungwa kwenye shokapu ya mbele. Nyingine hufungwa kwenye mkono wa chini unaoshika tairi.

Kazi ya fito hiyo ni kuzuia gari lisilale upande. Gari likikata kona kwenda kulia, bodi hutaka kulalia kushoto. Fito inapindika na kusukuma bodi irudi. Matairi yote mawili yakipanda tuta kwa pamoja, fito huzunguka tu ndani ya bushi zake bila kufanya kazi yoyote. Lakini tairi moja likitumbukia kwenye shimo na jingine likabaki juu, fito hupindika, na nguvu yote ya kupindika huko hupita kwenye linki.

Wazo hili si geni. Hataza ya kwanza ya fito ya aina hiyo ilitolewa mwaka 1919 kwa Stephen Coleman, Mkanada wa mji wa Fredericton. Zaidi ya miaka 100 baadaye, bado ndiyo inayoshikilia gari ndogo zisiyumbe barabarani. Hata hivyo, zipo gari ambazo hazikufungwa stabilaiza tangu kiwandani, hivyo mwenye gari ahakikishe kwanza kama lake linayo.

Linki nyingi zina jointi ndogo ya mviringo kila ncha, iliyojazwa grisi na kufunikwa mpira. Mpira huo ukichanika, vumbi na maji huingia, grisi hutoka, na jointi huanza kulika. Ikishalika hucheza ndani ya nyumba yake, na huo mchezo ndio unaogonga. Ikiachwa, jointi huchomoka au fimbo yake hukatika kabisa. Aina nyingine haina jointi bali ina bolti ndefu yenye bushi za mpira. Hiyo nayo hufa pale mpira unapopasuka au bolti inapokatika.

Kwa nini linki hufa haraka vijijini

Barabara kuu ya Mwanza kwenda Sirari inayopita Bunda na Makutano ni ya lami, lakini mazao hayalimwi juu ya lami. Kuyafuata lazima gari liingie njia za vumbi zenye mawe, mifereji na mashimo, ambako tairi la kushoto na la kulia hazikanyagi kimo kimoja hata mara moja. Kila hatua fito inapindika, na kila inapopindika linki inavutwa na kusukumwa. Wakati wa masika, matope ya mbuga nyeusi za upande wa Bunda hugandia chini ya gari na kuingia kwenye kila mpira uliopasuka.

Sababu ya pili ni mzigo. Gari ndogo za biashara kutoka Japani, kama vile Toyota Probox ya mizigo, zilitengenezwa kubeba kilo 400 zikiwa na watu wawili. Kreti kumi za nyanya zenye kilo 40 kila moja tayari zimefika hapo. Mchuuzi anapoongeza kreti nyingine juu ya keria, halizidi uzito tu, bali mzigo unakuwa juu zaidi na gari linataka kulala zaidi kwenye kila kona. Linki inabeba adhabu hiyo.

Sababu ya tatu ni umri. Gari nyingi zinaingia nchini zikiwa zimeshatumika miaka mingi, na mnunuzi huangalia injini, rangi na matairi. Ni wachache wanaoinama kuangalia linki.

Namna ya kuitambua linki mbovu

Kabla ya kutoa hata shilingi moja, mwenye gari anaweza kufanya uchunguzi mwenyewe. Uko wa aina nne, kuanzia ule rahisi.

Kwanza ni kusikiliza. Mlio wa linki husikika zaidi gari likienda polepole kwenye mashimo madogo, redio ikiwa imezimwa na vioo vimeshushwa. Tafuta tuta la barabarani ulipande moja kwa moja, matairi yote mawili ya mbele kwa pamoja. Kisha rudi ulipite kwa tairi la upande mmoja tu, pembeni lilikoishia. Kama mara ya kwanza gari limekaa kimya na mara ya pili limegonga, kuna uwezekano mkubwa kwamba tatizo liko kwenye linki au bushi za stabilaiza. Kama limegonga mara zote mbili, shuku shokapu, kiti chake cha juu au boli jointi.

Pili ni kuangalia. Geuza usukani hadi mwisho ili nyuma ya tairi paonekane. Linki ni fimbo nyembamba iliyosimama. Angalia mpira wa juu na wa chini kama umechanika, kama grisi imemwagika, au kama kuna kutu inayotoka ndani ya jointi. Linki iliyokatika haihitaji fundi kuiona, kwani ncha ya fito itakuwa inaning'inia.

Tatu ni kushika. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Fundi hupiga jeki tairi moja, anatikisa linki, anaikuta imekaza na kusema ni nzima. Kumbe tairi moja likiwa hewani na jingine chini, fito tayari imepindika na imeivuta linki ikakaza, hivyo mchezo hauonekani. Linki inatakiwa ipimwe matairi yote mawili yakiwa kimo kimoja: ama yote chini kwenye sakafu iliyo sawa, ama yote mawili hewani na gari likiwa limekaa juu ya stendi. Ishike kwa mkono utikise kwa nguvu juu, chini na pembeni. Ikigonga au ikicheza, imekwisha.

Nne, kama bado kuna shaka, fungua linki zote mbili, zifunge ncha za fito kwa waya zisigonge kitu, kisha endesha gari tupu polepole mita chache kwenye uwanja wa gereji au njia isiyo na magari. Mlio ukitoweka, mshitakiwa amepatikana. Usiingie barabara kuu ukiwa katika hali hiyo.

Usichanganye na boli jointi

Linki ikikatika, gari huyumba na kugonga lakini tairi haling'oki. Boli jointi ya chini ikichomoka, tairi hulala na gari halina tena uelekeo. Kwa hiyo ni kosa kubwa kuamini kwamba kila mlio ni linki.

Inua tairi, kisha lishike kwa mikono miwili, mmoja juu na mwingine chini, ulisukume na kulivuta. Mchezo wa namna hiyo unaelekeza kwenye boli jointi au beringi ya tairi. Kisha lishike kushoto na kulia ufanye vilevile. Mchezo hapo unaelekeza kwenye tairodi, yaani mkono wa usukani. Mtaimbo ukiwekwa chini ya tairi na kuinuliwa taratibu huonyesha mchezo wa boli jointi ambao mkono hauwezi kuugundua. Gari lenye dalili hizo lisipakiwe mzigo hadi litengenezwe.

Hesabu ya mchuuzi

Tuchukue mfano wa kawaida, kila mtu abadilishe tarakimu kulingana na bei za dukani kwake. Tuseme jozi ya linki inauzwa Sh60,000 na ufundi ni Sh15,000, jumla Sh75,000. Kama mchuuzi anafanya safari nne kwa wiki, wiki 50 kwa mwaka, na linki zikadumu miaka miwili, atakuwa amefanya safari 400. Gharama ya linki kwa kila safari ni chini ya Sh190.

Sasa tuangalie upande wa pili. Gari limekwama njiani kwa nusu siku likiwa na kreti 10. Bei imeshuka kwa Sh5,000 kila kreti kwa sababu amefika soko limetulia na nyanya zimechoka: hiyo ni Sh50,000. Ameongeza Sh25,000 ya kukodi gari la kuhamishia mzigo. Jumla Sh75,000. Siku moja mbaya imemeza fedha ya jozi nzima ya linki, na gari bado ni bovu.

Kupimiwa vibaya kunagharimu zaidi. Kama shokapu mbili na ufundi wake ni Sh270,000, na faida ya mchuuzi kwa kreti moja ni Sh3,000, basi ametumia faida ya kreti 90 kununua kitu ambacho gari halikukihitaji. Hizo ni safari tisa za kreti 10. Zaidi ya wiki mbili za kuamka alfajiri zimekwenda bure, na linki bado inamsubiri.

Kuibadilisha hatua kwa hatua

Kazi hii haihitaji mashine. Kinachotakiwa ni jeki, stendi mbili imara, spana ya tairi, spana au soketi zinazoingia kwenye nati za linki (namba 14 au 17 kwa Toyota nyingi ndogo), alenki ya kushikia, brashi ya waya na mafuta ya kulainisha kutu.

Egesha gari mahali palipo sawa na pagumu, vuta breki ya mkono na weka mawe au magogo nyuma na mbele ya matairi ya nyuma. Legeza nati za tairi kidogo kabla ya kuinua. Piga jeki, kisha kalisha gari kwenye stendi pande zote mbili za mbele. Matofali hayafai kwa sababu hupasuka ghafla, na jeki peke yake si ya kuaminika. Mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki tu.

Vua matairi. Safisha nyuzi za bolti ya linki kwa brashi, paka mafuta ya kulainisha na subiri kwa muda. Kuruka hatua hii ndiko kunakofanya nati zigome. Ingiza alenki kwenye tundu lililo katikati ya bolti ili jointi isizunguke, kisha fungua nati kwa spana. Tundu likiwa limekufa, kata nati kwa msumeno wa chuma, kwa uangalifu usiguse hozi ya breki wala shokapu.

Linganisha linki mpya na ya zamani kabla ya kufunga. Urefu uwe sawa, unene wa bolti uwe sawa, na ncha zake zielekee upande ule ule. Linki ya kushoto na ya kulia kwa baadhi ya magari hazifanani. Ingiza juu na chini, kaza kwa mkono kwanza. Ncha ya fito ikikataa kufika kwenye tundu, chanzo ni matairi kutokuwa kimo kimoja. Inua mkono wa chini kidogo kwa jeki hadi ifike, badala ya kuigonga kwa nyundo.

Kaza nati kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari. Tumia nati mpya zinazokuja na linki, kwani nati za kujikaza zikishafunguliwa hazishiki kama mwanzo. Kwa linki ya bushi za mpira, ukazaji wa mwisho ufanyike gari likiwa limesimama kwa matairi yake, ili mpira usikae umepindika. Rudisha matairi, shusha gari, kaza nati za tairi, kisha jaribu tena kwenye lile tuta. Baada ya kilometa 100 hivi angalia nati kama zimelegea.

Badilisha zote mbili hata kama moja tu ndiyo iliyokufa. Zimetembea njia moja na kubeba mzigo mmoja, hivyo ya pili haiko mbali.

Ubunifu unaogharimu

Katika gereji za mitaani kuna njia tatu za mkato. Ya kwanza ni kukata vipande vya mpira wa tyubu na kuvibana kwenye jointi. Mlio unanyamaza kwa siku chache, kisha mpira unatoka na jointi inakuwa imelika zaidi. Ya pili ni kuchomelea linki iliyokatika. Joto la kuchomelea huunguza mpira na grisi iliyomo, na fimbo hukatika tena jirani na pale ilipochomelewa.

Ya tatu ndiyo ya hatari zaidi: kuitoa linki kabisa kwa hoja kwamba gari linatembea hata bila hiyo. Ni kweli linatembea, na kwenye njia ya kijijini dereva anaweza asione tofauti. Tofauti huonekana kwenye lami. Kati ya Bunda na Lamadi barabara inapita jirani na lango la Ndabaka la Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na ng'ombe nao huvuka barabara sehemu nyingi za Mara. Dereva anayekwepa mnyama kwa ghafla, akiwa na kreti kwenye keria, huhitaji gari linalorudi wima haraka. Bila stabilaiza bodi hulala zaidi, mzigo huhamia upande mmoja, na usukani huchelewa kutii. Ikitolewa linki ya upande mmoja tu, fito nzima haifanyi kazi, na ncha inayoning'inia inaweza kupiga hozi ya breki au kuchana mpira unaofunika jointi ya ekseli.

Kununua spea kwa akili

Spea hupatikana Musoma mjini, na zinazokosekana huagizwa Mwanza au Kariakoo, Dar es Salaam. Kabla ya kuagiza, andika namba ya chesesi ya gari, aina na mwaka wake, na ikiwezekana mpelekee muuzaji linki ya zamani. Nauli ya kurudisha spea isiyofaa inaweza kukaribia bei ya spea yenyewe.

Linki iliyotumika haina maana kununuliwa, kwa sababu kinacholika kiko ndani na hakionekani. Kwa mpya, zungusha jointi kwa kidole: inatakiwa iwe ngumu kidogo na iende bila kukwama. Ikicheza ingali dukani, itagonga ndani ya wiki. Angalia mpira umekaa vizuri na maandishi ya boksi hayajakosewa. Dai risiti, maana ndiyo silaha ya mnunuzi spea ikigeuka kuwa feki. Tume ya Ushindani, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2003, inashughulikia bidhaa bandia, lakini mlalamikaji asiye na ushahidi hana pa kuanzia.

Kuhusu fundi, mwulize atapimaje kabla ya kumwuliza bei. Fundi anayekuonyesha kinachocheza kwa mkono wake anastahili kulipwa hata kwa kupima tu. VETA ina utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia kazi mitaani, na mafundi wa Nyakato wakiutumia watajenga imani kwa wateja wao wa kila siku.

Mkulima hukagua shamba kila wiki akitafuta wadudu kabla hawajaenea. Gari linalobeba mavuno yake linastahili heshima hiyo hiyo. Dakika kumi za kuinama nyuma ya tairi kila Jumapili, tochi mkononi, zinatosha kuona mpira uliochanika kabla jointi haijaanza kugonga. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mchuuzi wa nyanya, ukuta huo ni kreti 10 zinazooza kando ya barabara huku akisubiri gari la kumvuta.